Shule ya Kesho na Usiku wa Leo

Katika mtaa nilikokulia, majambazi wakivamia nyumba usiku watu hawapigi simu polisi. Wanapiga masufuria. Nyumba moja ikianza, ya pili hufuata, na kwa muda mfupi mtaa mzima hulia kama karakana ya mabati. Asubuhi moja, baada ya usiku wa namna hiyo, tulikwenda kumpa pole mama mmoja muuza unga. Mtaji wake wote ulikuwa umechukuliwa na mwanawe alikuwa amekatwa panga mkononi. Kwa kuwa mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mwanafunzi wa chuo pale, wazee wakaniomba nitoe neno. Nikasema niliyoyasoma: kwamba ujambazi ni tunda la umaskini, na kwamba kama serikali ingetumia fedha za bunduki kujenga shule na kuwapa vijana kazi, mapanga yangelala. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, hiyo shule mtanijengea kesho. Usiku wa leo nani atanilinda?"

Kabla sijapata la kusema, mzee mmoja aliyeketi mlangoni, ambaye kijana wake alichukuliwa katika msako miaka michache kabla na hakurudi, akasema polepole, "Na wewe mama, ukiwaita wenye bunduki, omba wasikosee mlango."

Siku ile nilinyamaza. Insha hii ni jaribio la kuwajibu wote wawili.

Swali lenyewe ni hili: serikali yenye fedha chache, ikitaka kupunguza mauaji yanayofanywa na magenge ya uhalifu, iweke kiasi gani katika polisi, askari na magereza, na kiasi gani katika shule, kazi na huduma za jamii? Wengi hulichukulia kama swali la hesabu, kana kwamba ni mizani ya dukani: ukiongeza huku, unapunguza kule. Mimi naona kwamba kwanza ni swali la haki. Anayelindwa na polisi usiku wa leo, anayefaidika na shule miaka kumi ijayo, na anayekamatwa kwa makosa katika msako ni watu watatu tofauti. Kugawa bajeti ni kuamua nani kati yao atangoja, na nani atalipa gharama ya mwenzake.

Tuanze na neno lenyewe. Mwizi wa kuku huja usiku, huiba, hukimbia. Genge halikimbii. Genge hukaa mtaani, hujua jina la kila mwenye duka, na hufanya kazi ambazo kwa kawaida ni za serikali. Kwanza hutoza kodi: mwenye basi, muuza mboga na kinyozi hulipa kila juma ili wasidhuriwe. Wasomaji wa Kenya wanakumbuka jinsi kundi la Mungiki lilivyotoza matatu za Nairobi. Pili, genge huamua kesi: mtu asipolipwa deni lake, au jirani akimsumbua jirani, huenda kwa mkubwa wa genge kwa sababu mahakama iko mbali na inataka fedha. Tatu, genge huajiri. Kijana aliyekosa kila mlango hupewa kazi ya kuangalia njia, kisha ya kubeba mzigo, kisha ya kuua. Kodi, hukumu na ajira: nayataja haya matatu hapa mwanzoni kwa sababu nitayarudia. Mtu akisahau kwamba genge ni utawala, atalipiga kama mwizi, nalo litasimama tena.

Sasa tutazame nchi ambazo zimejaribu. Nyingi ya habari hizi zinatoka Amerika ya Kilatini, kwa sababu huko ndiko swali hili limeulizwa kwa damu nyingi zaidi.

Nchini Meksiko, mwezi Desemba 2006, Rais Felipe Calderón alipeleka askari wapatao 6,500 katika jimbo la Michoacán kupambana na magenge ya dawa za kulevya. Huo ulikuwa mwanzo tu. Miaka iliyofuata wakubwa wengi wa magenge walikamatwa au kuuawa. Lakini kila mkubwa alipoanguka, wadogo zake walipigania kiti, genge moja likawa matatu, na mauaji yakapanda badala ya kushuka. Watu walichoka. Desemba 2018 aliingia madarakani Andrés Manuel López Obrador na kaulimbiu iliyowagusa wengi: kukumbatiana, si kupigana risasi. Serikali yake ilianzisha mpango wa kuwapa posho ya kila mwezi vijana wa miaka 18 hadi 29 wasiosoma wala kuwa na kazi, ili wajifunze kazi mahali fulani kwa mwaka mmoja. Mpango huo ulikuwa wa kweli na uliwafikia vijana wengi. Hata hivyo, katika miaka ya utawala wake waliuawa zaidi ya watu 30,000 kila mwaka.

Kwa nini kukumbatiana hakukutosha? Si kwa sababu wazo la kuwapa vijana njia nyingine ni baya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulikadiria kwamba magenge ya Meksiko yalikuwa na watu kati ya 160,000 na 185,000, na kwamba yalihitaji kuingiza wapya wasiopungua 350 kila juma ili yasiporomoke, kwa kuwa wengine hufa na wengine hufungwa. Kwa hesabu za watafiti hao, kuongeza maradufu idadi ya wanaokamatwa kungezidisha vifo, na kupunguza wanaoingia kungevipunguza. Kwa hiyo wanaosema tuzibe mlango wa kuingilia wana hoja nzito.

Ila posho humpata kijana mchana, na jioni hurudi nyumbani. Huko anakuta genge lile lile bado linatoza, linahukumu na linaajiri kwa nguvu. Fundi anayemfundisha kazi naye bado analipa kila juma. Kijana amepewa njia, lakini njia yenyewe ina watu wenye silaha waliokaa pembeni. Jambo hili lilionekana wazi tarehe 17 Oktoba 2019 katika mji wa Culiacán. Askari walimkamata Ovidio Guzmán, mtoto wa mkubwa wa dawa za kulevya Joaquín Guzmán. Ndani ya saa chache watu wenye bunduki nzito walijaa barabarani, wakachoma magari na kufunga njia za mji, na serikali ikaamuru mfungwa aachiwe. Rais alitetea uamuzi huo akisema kumkamata mhalifu mmoja hakuwezi kuwa na thamani kuliko maisha ya watu. Siku ile, nadhani alikuwa na haki. Lakini serikali haifikishwi hapo kwa siku moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Culiacán ilikuwa ukuta ambao hakuna aliyeweza kuujenga kwa saa chache. Guzmán alikamatwa tena Januari 2023, na safari hiyo pia watu wengi walikufa.

Upande wa pili kuna El Salvador, nchi ndogo yenye watu wapatao milioni 6. Magenge yake makubwa, MS-13 na Barrio 18, yalizaliwa Los Angeles miongoni mwa watoto wa wahamiaji, wengi wao waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha yakaletwa nyumbani na vijana waliofukuzwa Marekani. Mwaka 2003 serikali ilitangaza sera ya mkono mgumu: vijana walikamatwa kwa kuwa na michoro mwilini, magereza yakajaa, kila genge likawekwa gereza lake, na gereza likageuka kuwa ofisi ya genge. Mwaka 2012 kulikuwa na mapatano kati ya magenge, mauaji yakashuka kwa muda, kisha mapatano yakavunjika. Mwaka 2015 nchi hiyo ilifikia mauaji 103 hivi kwa kila watu 100,000, na ilihesabiwa kuwa miongoni mwa nchi zenye mauaji mengi kuliko zote duniani zisizo na vita.

Tarehe 26 Machi 2022 waliuawa watu 62 kwa siku moja. Kesho yake serikali ya Rais Nayib Bukele ilipata kibali cha bunge kutangaza hali ya hatari. Haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa na haki ya kupata wakili mapema zilisimamishwa. Hali hiyo ilipaswa kudumu siku 30, lakini imeongezwa mwezi baada ya mwezi. Watu zaidi ya 80,000 walikamatwa, na gereza jipya la kuchukua watu 40,000 likafunguliwa mwaka 2023. Mwaka 2024 serikali ilihesabu mauaji 114 tu nchi nzima.

Hapa mwandishi anayependa haki za binadamu hushawishika kusema kwamba sera hiyo haifai. Nadhani tusidanganye. Mama wa San Salvador ambaye kwa miaka 20 hakuweza kuvuka barabara kwenda kwa dada yake, kwa kuwa upande ule ni wa genge jingine, leo anavuka. Muuza mboga halipi tena. Mwaka 2024 watu walimchagua tena Bukele kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura, na si kwa sababu hawajui linaloendelea magerezani. Wanajua, na wametazama mizani yao. Kwa hiyo anayeipinga sera hii hawezi kuridhika kwa kusema haifanyi kazi. Inambidi aeleze ni kwa nini jambo linalofanya kazi linaweza bado kuwa baya.

Maelezo yangu yanaanzia kwa mzee aliyeketi mlangoni. Serikali ya El Salvador yenyewe imekiri kuwaachia maelfu ya watu waliokamatwa bila hatia, na mashirika ya haki za binadamu yamehesabu mamia waliofia mikononi mwa walinzi kabla ya kuhukumiwa. Watetezi wa msako hutumia hoja ambayo kwa Kiswahili ina methali yake: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kijana wa mtaa ule, mwenye rika lile, lazima naye ni wao. Methali hiyo ni nzuri sokoni, kwa kuwa samaki aliyetupwa kimakosa hana mama. Lakini mtu si samaki. Kijana asiye na hatia anayekaa gerezani miaka miwili analipa kwa mwili wake usalama wa watu ambao hawakumwuliza. Nao wanaolipa hivyo hawatoki kila mahali. Msako haufanyiki katika mitaa ya matajiri. Maskini ndiye aliyelipa genge kila juma, na sasa maskini yule yule analipa amani kwa mtoto wake.

Wengine husema: hata vita vya haki huua wasio na hatia, na genge lingeua wengi zaidi. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini kuna tofauti kati ya kosa lililotokea tulipokuwa tukijitahidi lisitokee, na kosa lililowekwa ndani ya mpango. Polisi anayechunguza, akamkamata mtu kwa ushahidi, na hakimu akaja kuona kwamba ushahidi ulikuwa dhaifu, amekosea. Serikali inayoondoa hakimu ili isichelewe imeamua mapema kwamba wasio na hatia watakuwemo, na kwamba haitawatafuta. Aliyeibiwa unga anastahili ulinzi, ila hana haki ya kulindwa kwa kijana wa jirani yake.

Sisi Wakongo hatuna haja ya kusafiri hadi Amerika ya Kati ili tuone jambo hili. Kinshasa inawajua vizuri kuluna, vijana wa mapanga wanaotisha mitaa. Mwezi Novemba 2013 polisi walianzisha msako mkubwa ulioitwa Likofi, neno la Kilingala lenye maana ya ngumi. Mwanzoni wakazi wengi waliushangilia, kama walivyoshangilia watu wa San Salvador. Mwaka uliofuata ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu nchini ilitoa ripoti kwamba angalau vijana 9 waliuawa na 32 walipotea mikononi mwa polisi. Serikali ilimfukuza mkuu wa ofisi hiyo. Kuluna wako mpaka leo. Ngumi yetu, basi, haikuleta hata ule utulivu ambao Wasalvador wameupata: tulilipa gharama na bidhaa hatukuiona.

Je, kuna njia ya tatu? Mji ambao hutajwa mara nyingi ni Medellín, Kolombia. Nitakaa nao kidogo, kwa sababu husifiwa upesi mno na pia hudharauliwa upesi mno.

Mwaka 1991, Pablo Escobar akiwa bado hai, Medellín ilikuwa na mauaji yapatayo 380 kwa kila watu 100,000. Escobar aliuawa tarehe 2 Desemba 1993, lakini mauaji hayakwisha. Mitaa ya milimani ilibaki mikononi mwa wapiganaji wa mrengo wa kushoto, wanamgambo wa mrengo wa kulia na magenge madogo. Mwezi Oktoba 2002 askari na polisi zaidi ya 1,000, wakiwa na helikopta, waliingia mtaa wa Comuna 13 katika operesheni iliyoitwa Orión. Wapiganaji wa kushoto wakafukuzwa. Kisha wanamgambo wa kulia wakachukua nafasi yao, na watu wakaanza kupotea. Akina mama wa mtaa huo walisema kwa zaidi ya miaka 20 kwamba watoto wao wamefukiwa La Escombrera, mahali pa kumwaga kifusi juu ya mtaa. Mwezi Desemba 2024 wachimbaji walipata mabaki ya kwanza ya binadamu mahali pale pale.

Baada ya ngumi hiyo ndipo lilipokuja jambo jingine. Sergio Fajardo, mwalimu wa hisabati aliyekuwa meya kuanzia 2004 hadi 2007, aliamua kwamba majengo mazuri kuliko yote ya mji yajengwe katika mitaa maskini kuliko yote. Mwaka 2004 mji ulifungua usafiri wa vyumba vinavyoning'inia kwenye nyaya, uliounganisha mitaa ya mlimani na treni ya mjini. Zilifuata maktaba kubwa zenye bustani, shule, na mwaka 2011 ngazi za umeme katika Comuna 13. Fedha nyingi zilitoka katika shirika la umma la umeme na maji, ambalo ni mali ya mji na hutoa sehemu kubwa ya faida yake kwa bajeti ya mji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha mitaa iliyopata usafiri huo na mitaa inayofanana nayo isiyoupata. Mauaji yalishuka kote, lakini yaliyopata yalishuka kwa asilimia 66 zaidi.

Takwimu hii hupendwa na watu wa upande wangu wa zamani, wa shule badala ya bunduki. Lakini ukweli una upande mwingine. Katika miaka hiyo utulivu ulitokana pia na mtu mmoja, Diego Fernando Murillo aitwaye Don Berna, mkubwa wa wanamgambo aliyeyatawala karibu magenge yote na kuyakataza kuuana ovyo. Alipopelekwa Marekani mwezi Mei 2008, magenge yalipigania kiti chake, na mwaka 2009 mauaji yakawa karibu maradufu, zaidi ya 2,000. Maktaba zilikuwepo. Vyumba vya nyaya vilikuwa vikipanda na kushuka. Vilivyokosekana ni hakimu na polisi wa kuaminika wa kushika kazi ambazo Don Berna alikuwa akizifanya. Hata maktaba mashuhuri kuliko zote, iliyofunguliwa mwaka 2007 juu ya mlima wa Santo Domingo, ilifungwa baada ya miaka michache kwa kuwa jengo lilikuwa na kasoro.

Mimi ninajifunza hivi. Medellín ilipofanikiwa, ilifanikiwa mahali ambapo serikali ililinyang'anya genge kazi. Usafiri wa nyaya ulimfikisha kijana kwenye ajira ya mjini bila kuomba ruhusa kwa mwenye kona. Ilipokwama, ilikwama kwa sababu kazi nyingine, za kutoza na kuhukumu, zilibaki kwa genge. Kwa hiyo mgawanyo wa bajeti usipimwe kwa kuuliza tu asilimia ngapi zimekwenda kwa askari na ngapi kwa walimu. Kila faranga, iwe imevaa kofia ya polisi au joho la mwalimu, iulizwe: wewe unalinyang'anya genge kazi gani?

Ukiuliza hivyo, fedha nyingi za pande zote mbili zitashindwa mtihani. Gari la kivita linalopita mtaani mara moja kwa mwezi halilinyang'anyi genge chochote. Bwana yule anayetoza atangoja lipite. Semina ya siku tatu ya kuwahamasisha vijana, yenye fulana na soda, nayo hailinyang'anyi kitu. Lakini mpelelezi anayefuata fedha za kodi ya genge mpaka zinakolala, mwendesha mashtaka anayeweza kumlinda shahidi, simu ya polisi inayopokelewa usiku, hizo ni fedha za usalama zinazonyang'anya. Mahakama ndogo inayokaa mtaani kila juma na kuamua madeni bila hongo inanyang'anya. Mshahara wa polisi unaolipwa kwa wakati unanyang'anya mara mbili, kwa kuwa polisi asiyelipwa naye huanza kutoza, na mtaa ukajikuta una magenge mawili. Na shule ya ufundi ambayo mwishoni mwake kuna kazi ya kweli inalinyang'anya genge wale vijana 350 wa kila juma.

Nakubali kwamba genge halitaketi likitazama. Watafiti waliofanya kazi Medellín wameona kwamba mahali pengine serikali ikisogea, genge nalo huongeza bidii ya kuhudumia mtaa, ili wakazi wasiende kwa serikali. Hiyo ndiyo sababu ahadi ndogo inayotimizwa miaka kumi ni bora kuliko kubwa inayokufa baada ya uchaguzi. Mkazi akimripoti mtozaji, kisha kituo cha polisi kikafungwa mwaka unaofuata, atakuwa amejiuza mwenyewe.

Linabaki swali la mama: leo au kesho? Jibu langu ni kwamba ulinzi una haki ya kuja kwanza, lakini hauna haki ya kula mfuko wote. Unakuja kwanza kwa sababu aliyekufa leo hafaidiki na shule ya mwaka ujao, na kumwambia angoje ni kumfanya ngazi ya kupandia wengine. Hiyo ni dhuluma ile ile niliyoilaumu katika msako, ila imevaa nguo za upole. Shule nayo isicheleweshwe hadi amani ipatikane, kwa kuwa mtoto wa miaka saba hangoji: baada ya miaka minane ama yuko darasani au yuko kwenye kona anaangalia njia. Anayesema tuwashinde kwanza, tutajenga baadaye, anaandaa adui wa baadaye kwa mkono wake mwenyewe. Mti wa kivuli hupandwa jua likiwaka. Serikali ina madeni mawili, kwa watu wawili, nayo hawezi kumlipa mmoja kwa mali ya mwenzake.

Nikirudi mtaani likizo hii, nitapita kwa yule mama. Sitamhubiria tena. Nitamwambia alikuwa na haki kudai usiku wake, na kwamba mzee wa mlangoni naye alikuwa na haki. Nitamwambia kwamba ninachotaka sasa ni taa katika ile njia ya kisimani, polisi wawili wanaojulikana kwa majina na wanaolipwa, hakimu anayesikiliza kabla ya kufunga, na karakana ya mafunzo kwa mwanawe ambaye mkono wake umepona vibaya. Najua ataniuliza taa zitawekwa lini. Sitakuwa na tarehe ya kumpa. Lakini tutaweza angalau kwenda pamoja, yeye, mzee na mimi, kuwauliza wale wanaoshika bajeti, maana hadi leo kila mmoja wetu amekuwa akiuliza peke yake, nao wamekuwa wakimjibu kila mmoja kwa kumtumia mwenzake.